Kabla ya Tarehe 1 Mei: Chuo cha Jimbo au Chuo Binafsi?

Hotuba kwa wazazi na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, Lexington, Kentucky

Wazee wetu, wamama na wababa, nanyi vijana mnaomaliza sekondari mwaka huu, hamjambo. Najua wengine mmetoka zamu moja kwa moja, na wengine saa nne usiku mnaingia, kwa hiyo sitawachosha kwa utangulizi. Nitasema Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Vijana ambao Kiswahili kimeanza kuwapiga chenga, vumilieni. Leo nataka mzazi asikie mwenyewe, asitafsiriwe na mtoto ambaye ndiye mwenye kesi.

Kesi yenyewe ni hii. Mtoto amepata nafasi University of Kentucky, tunayoiita UK, hapa hapa mjini, chuo cha jimbo. Wiki mbili baadaye imekuja bahasha nene kutoka chuo binafsi, chuo kidogo chenye majengo ya matofali na majani yaliyokatwa vizuri, na bei yake ni karibu mara mbili. Mtoto anataka kile cha bahasha nene. Baba anasema huo ni wazimu. Mama amenyamaza, anamwangalia baba. Aende wapi?

Kwanza tutue mizigo tuliyokuja nayo. Sisi tuliotoka Kongo tumezoea kwamba shule ya mapadri au ya masista ndiyo shule. Ya serikali, mwalimu hajalipwa miezi na mzazi ndiye anayemlipa. Ndugu zetu wa Tanzania wana hesabu nyingine. Kwao Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiyo Mlimani, na chuo binafsi mara nyingi kinaonekana ni cha aliyekosa nafasi. Kwa hiyo katika ukumbi huu huu yupo anayesikia "binafsi" akafikiri ubora, na yupo anayesikia neno hilo hilo akafikiri makombo. Hapa Marekani mawazo yote mawili yatakupoteza. Harvard ni chuo binafsi. ITT Technical Institute nayo ilikuwa shule binafsi, ya biashara, yenye matawi zaidi ya 130 nchi nzima. Septemba 2016 ilifungwa yote kwa mpigo, na wanafunzi wakabaki na madeni na masomo nusu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa chuo binafsi chochote: je, kina wenyewe wanaogawana faida? Kama kinao, mimi naomba mkae mbali nacho, hata kama mtu wao wa simu ni mpole kuliko mchungaji. Kuanzia hapa nikisema chuo binafsi nina maana ya kile kisichogawa faida.

Chuo cha jimbo nacho tukijue. Mwaka 1862 Rais Lincoln, mzaliwa wa Kentucky, ambaye mkewe alikuwa binti wa mji huu wa Lexington, alitia saini sheria iliyowapa majimbo ardhi ya kuuza ili wapate fedha za kuanzisha vyuo vya kilimo na ufundi. University of Kentucky ya mwaka 1865 imetokana na sheria hiyo. Mpaka leo jimbo linachangia kwa kodi, na kodi hiyo mnakatwa nyinyi kwenye kila hundi ya mshahara. Ndiyo maana mkaazi wa jimbo anatozwa ada ya chini, na anayetoka nje anatozwa zaidi ya mara mbili. Hiyo bei nafuu si hisani, mmeshaianza kuilipa. Ila angalieni: familia zetu zinahama sana, leo Texas, kesho Ohio, keshokutwa hapa kwa sababu shemeji amesema kazi zipo. Kama mmehamia Kentucky karibuni, wekeni pamoja mkataba wa nyumba, leseni ya gari na karatasi za kodi, maana chuo kitataka ushahidi kwamba makazi yenu ya kweli yako hapa.

Sasa nije kwenye bei, na hapa nawaomba mtulie.

Bei iliyoandikwa kwenye tovuti ya chuo binafsi ni wachache wanaoilipa yote. Vyuo hivi vinaweka bei juu, kisha vinampunguzia kila mtu kwa kiasi chake na kuita punguzo hilo skolashipu. Aliyewahi kununua kitenge soko la Bukavu au Kariakoo anaielewa biashara hii kuliko profesa wa uchumi. Baba akisikia dola 62,000 kwa mwaka na kusema hapana papo hapo, amejibu swali ambalo hajaulizwa.

Wapo hata wasiotoza ada kabisa. Kusini mwa hapa, kama maili 40 kwa barabara ya 75, kuna Berea College. Ni chuo binafsi. Kilianzishwa mwaka 1855 na watu waliopinga utumwa, weusi na weupe wakasoma pamoja mpaka jimbo likapiga marufuku mwaka 1904; Carter Woodson, baba wa historia ya watu weusi wa nchi hii, alimaliza pale mwaka 1903. Tangu 1892 Berea haimtozi mwanafunzi ada. Kila mwanafunzi anafanya kazi chuoni, si chini ya saa 10 kwa wiki, na wanaochukuliwa ni hasa watoto wa familia za kipato kidogo. Wengi wenu hapa kwa upande wa kipato mnafaa kabisa, na nasema hivyo kwa heshima. Lakini kila mwaka nakutana na mtoto mwenye alama nzuri ambaye hakuomba, kwa sababu nyumbani walisikia "chuo binafsi" wakafunga mlango.

Na hata mama yetu Wangari Maathai, kabla ya miti na kabla ya Nobel ya 2004, alifika Marekani mwaka 1960 kwa mpango ule wa kuwaleta wanafunzi wa Kenya ambao Tom Mboya aliupigania. Hakupelekwa chuo kikuu cha jimbo. Alisoma kwa masista wa Kibenediktini, chuo kidogo cha wasichana katika mji wa Atchison, Kansas, akamaliza biolojia mwaka 1964. Alikwenda huko kwa sababu huko ndiko skolashipu ilikotoka.

Basi tuchukue barua mbili. Hizi nimezitunga mimi, lakini zinafanana na mnazozipokea. Chuo binafsi: gharama yote ya mwaka, yaani ada, bweni, chakula, vitabu na nauli, dola 62,000. Skolashipu ya chuo 36,000. Pell, ruzuku ya serikali kuu isiyolipwa, 7,395, ambacho ndicho kiwango cha juu. Ruzuku za jimbo, tuseme 7,100. Toa zote: inabaki 11,505. Chuo cha jimbo: gharama yote 34,000. Skolashipu ya chuo 4,000, Pell 7,395, ruzuku za jimbo 7,100. Inabaki 15,505.

Mmeona? Kile cha bei mara mbili kimekuwa rahisi kwa dola 4,000. Baba, wazimu wa mtoto umepungua.

Msipige makofi bado, kwa sababu barua halisi haitawaonyesha kwa uwazi hivi. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti mwishoni mwa 2022 ikakadiria kwamba asilimia 91 ya vyuo ama haviandiki ile gharama inayobaki, ama vinaiandika pungufu. Mnachopata ni orodha chini ya kichwa cha habari cha pongezi. Mstari wa kwanza skolashipu, wa pili Pell, wa tatu unasema Direct Unsubsidized Loan, wa nne Work-Study, kisha jumla kubwa kwa herufi nzito. Mstari wa tatu ni mkopo, na riba yake inaanza kuhesabiwa siku fedha zinapotoka. Wa nne ni mshahara ambao mtoto hajaufanyia kazi bado. Ataupata kidogo kidogo akishapangiwa kazi maktaba au jikoni. Chukueni kalamu nyekundu, ikateni hiyo mistari miwili, mjumlishe upya. Nimekaa na mama mmoja jikoni kwake, barua imelowa mafuta pembeni, kikokotoo cha simu mkononi, na "msaada" wa dola 41,000 ukashuka mpaka 27,000 chai haijapoa. Hakukasirika. Alisema tu, "Endelea, ya pili."

Kisha ulizeni kuhusu mwaka wa pili. Ile skolashipu ya 36,000 ina sharti la wastani wa alama? Mara nyingi linakuwepo, labda 3.0, labda 3.2 kati ya 4.0, na mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani sekondari anaweza kupata C ya kemia muhula wa kwanza kama wengine wote. Na je, skolashipu inapanda bei ikipanda? Kwa kawaida haipandi. Tuseme gharama inaongezeka asilimia 4 kila mwaka. Mwaka wa nne ile 62,000 imefika karibu 69,700, skolashipu imesimama pale pale, na pengo lenu la 11,505 limekuwa zaidi ya 19,000. Chuo cha jimbo nacho hupanda, ila asilimia 4 ya kitu kidogo ni kidogo. Watu wengi hapa wamesaini kwa hesabu ya mwaka mmoja. Degree ni miaka minne, na kwa wengi ni mitano.

Kuna neno kuhusu fedha za jimbo. KEES, zile zinazotoka kwenye bahati nasibu ya Kentucky, mtoto anazichuma mwaka kwa mwaka tangu darasa la tisa, akiwa na wastani wa 2.5 kwenda juu. Mtoto aliyefika hapa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Nakivale akiingia darasa la 11 amechuma miaka miwili tu, kwa hiyo asishangae jirani yake akiwa na mara mbili yake. Unaweza kuzitumia chuo cha jimbo au chuo binafsi, maadamu kiko Kentucky. Ukivuka mpaka wa jimbo, kwa kawaida zinabaki nyuma.

Sasa niseme jambo ambalo washauri wa shule hawalisemi, kwa sababu hawaishi kwetu.

Mzazi mwerevu hapa ameshapiga hesabu yake kimoyomoyo: "Lakini UK iko mjini. Mtoto alale nyumbani, ale nyumbani." Sawa kabisa. Katika barua yangu ya kutunga, bweni na chakula ni kama 13,000. Ukiziondoa, ile 15,505 inashuka mpaka 2,505. Hakuna chuo binafsi kitakachoshindana na namba hiyo isipokuwa Berea na wenzake wachache. Kwa karatasi, mjadala umekwisha.

Ila nyumba zetu tunazijua. Vyumba viwili, watu saba. Baba anafanya usiku kwenye ghala, analala mchana, kwa hiyo mchana ni kimya cha kunong'ona. Wadogo wanarudi saa tisa na nusu. Na huyu binti wa miaka 18 ndiye anayempeleka bibi kliniki, ndiye anayejibu barua za shule za wadogo zake, ndiye anayepiga simu ya bima akasubiri dakika 40 kwenye spika, ndiye anayesoma karatasi ya mwenye nyumba. Akikaa bweni, kazi hizo zinagawanywa kwa shida lakini zinagawanywa. Akilala nyumbani, zote ni zake, kwa sababu yupo, na kwa sababu machoni pa mama, mtu anayekwenda darasani saa tatu tu kwa siku "hana kazi". Nimeona vijana wenye akili wakianguka somo la takwimu kwa ajili ya miadi ya daktari wa meno wa mdogo wao. Na somo ukilianguka unalilipia tena. Unaweza kupoteza skolashipu. Unaweza kuongeza mwaka mzima, na huo mwaka mmoja unakula akiba yote ya kulala nyumbani.

Kwa hiyo mzazi anayechagua chuo cha jimbo na kulala nyumbani, anachagua pia kubeba sehemu yake. Hospitali ina wajibu wa kuwapa mkalimani bure. Mwombeni mnapoweka miadi, mwachieni binti darasa lake. Shule za wadogo nazo, mwombeni mkalimani wa Kiswahili, mji huu wanao. Na binti abaki chuoni mpaka jioni. Maktaba ya William T. Young ina viti vya kutosha na haina mdogo anayelia. Mkikubaliana hivyo waziwazi, baba, mama na mtoto, tena kabla ya Agosti, basi huo ndio mpango bora kuliko yote niliyoitaja leo. Msipoweza, na wapo ambao hawawezi, si kosa la mtu, basi hesabuni gharama ya bweni bila kujidanganya.

Tuje kwenye mkopo. Mwanafunzi anayetegemea wazazi anaweza kukopa serikali kuu kwa jina lake 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 wa tatu na wa nne. Jumla 27,000. Hilo ni deni la mtu mzima, lakini kijana mwenye kazi ya nesi au ya uhasibu anaweza kulilipa. Mimi mpaka wangu uko hapo. Kama baada ya ruzuku, kazi ya kiangazi na kile ambacho wazazi wanaweza kutoa kweli kila mwezi, pengo bado halizibwi na huo mkopo wa mtoto, chuo hicho kimewashinda. Nalisema hivyo hata kama kina jina, hata kama mwanakwaya mwenzenu amempeleka mwanawe.

Maana chuo kitawaambia kuna njia nyingine, Parent PLUS. Huo unakopwa na mzazi, kwa jina la mzazi. Kwa mwaka wa masomo 2025–26 riba yake ni asilimia 8.94, na kabla hamjaona senti wanakata asilimia 4.228; ukikopa 10,000 zinafika 9,577. Haupimwi kwa kipato chako, unapimwa kwa historia yako ya madeni, na sisi wageni wengi hatuna madeni ya zamani, kwa hiyo tunakubaliwa haraka, tunafurahi. Kukopa harusi, kulipa matanga. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 inaweka kikomo kwa mikopo mipya kuanzia Julai 1, 2026: dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja. Msione kikomo mkafikiri ni ruhusa. Baba wa miaka 52 mwenye mshahara wa saa na mgongo unaouma, na watoto wengine watatu nyuma ya huyu, hana biashara na deni la 65,000. Na mtoto akisema, "Baba, nitakulipia mimi," anasema kweli moyoni, lakini kwenye karatasi jina ni la baba.

Bluegrass, chuo cha jamii, nitakitaja kwa kifupi kwa sababu nyumbani mnakidharau bure. Miaka miwili pale kwa ada ndogo, halafu kuhamia UK, ni njia halali, na cheti cha mwisho kinaandikwa UK. Sharti ni moja: kabla ya kujiandikisha somo lolote, mshauri wa UK athibitishe kwamba somo hilo litahamishika kwa fani unayoitaka.

Ni lini basi mimi mwenyewe ningesema mtoto aende chuo binafsi? Pale pengo la miaka minne likiwa sawa na la chuo cha jimbo au likizidi kidogo, ndani ya ule mpaka wa mkopo wa mtoto, ningempeleka bila kusita. UK ina wanafunzi zaidi ya 30,000. Mtoto aliyejifunza Kiingereza miaka minne iliyopita anaweza kukaa darasa la watu 250 muhula mzima bila profesa kumjua sura. Kwenye chuo kidogo akikosa siku mbili atatafutwa. Kwa kijana mwenye haya, ambaye hajazoea kugonga mlango wa mkubwa na kuuliza, hilo lina thamani ya fedha. Kwa kijana mchangamfu anayejua kujitafutia, halina thamani hiyo, na maabara na hospitali ya UK zitampa zaidi. Mzazi, wewe unamjua wako. Angalieni pia College Scorecard, tovuti ya serikali, mwone ni wangapi wanaomaliza. Chuo ambacho nusu hawamalizi ni ghali hata kikiwa bure.

Mambo ya haraka. FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali kuu, inaangalia kipato cha mwaka juzi. Kama tangu hapo kazi imeisha, saa zimekatwa, au mzazi amefariki, andikieni ofisi ya ufadhili, mwambatanishe barua ya mwajiri, mwombe waangalie upya. Wana mamlaka ya kisheria ya kurekebisha. Na kama chuo binafsi ndicho mtoto anachokitaka na msaada wake umepungukiwa dola 3,000, waandikieni pia, mkionyesha barua ya chuo kingine. Kuomba si aibu. Jibu la hapana halimfukuzi mtoto.

Tarehe 1 Mei ndiyo siku ya mwisho kwa vyuo vingi. Mtalipa amana kwa chuo kimoja, kimoja tu. Amana hiyo kwa kawaida hairudi, kwa hiyo msilipe kabla hamjaona barua zote mbili, na kama hata hiyo ni nzito, ulizeni kama wanaisamehe kwa familia za kipato kidogo; wengi wanafanya hivyo kwa anayeuliza. Pale nyuma kuna meza nne na kalamu nyekundu. Mwenye barua aje nayo, pamoja na mtoto, na simu iwe na chaji.